Viboko na wavuvi wa Vitshumbi: ugomvi wa zamani kwenye Ziwa Edouard

Sisi wakaaji wa Goma tumezoea ziwa ambalo halina mnyama wa kuogopa. Mtoto wa Himbi au wa Kyeshero anashuka asubuhi na kidumu chake cha njano, anachota, anaoga, anaogelea, na mama yake aliyebaki nyumbani anaogopa mawimbi tu, pamoja na ile hewa mbaya ya mazuku. Ziwa Kivu halina kiboko wala mamba. Wavuvi wa sambaza wanatoka jioni, mitumbwi mitatu imefungwa pamoja kwa miti mirefu, taa zinawaka juu ya maji, na wanaimba usiku kucha bila kujiuliza kuna nini chini yao. (Hata hiyo sambaza si ya hapa: Wabelgiji waliileta kutoka Tanganyika mwishoni mwa miaka ya 1950. Wengi wetu tunadhani mababu waliila.)

Fuata barabara ya kitaifa namba 2, upite Rutshuru, ushuke kwenye tambarare ya Rwindi. Kilometa zaidi ya mia moja kutoka hapa kuna ziwa lingine, na kule mvuvi anapoingia majini hesabu ni nyingine kabisa.

Habari hii nilianza kuitafuta kwa sababu ya kovu. Ni la mzee mmoja aliyekuwa mvuvi Vitshumbi na ambaye sasa anakaa Ndosho kama wakimbizi wengine wa vita. Linaanzia juu ya goti na kupanda hadi kwenye nyonga, limekunjamana kama kamba. Nilidhani ni risasi. Kwa mtu wa umri wake, wa mkoa huu, ndilo wazo la kwanza linalokujia. Nikamwambia pole baba, vita imetuumiza sote. Akacheka. Akaniambia, mwanangu, hii si vita, hii ni kiboko, tena kosa lilikuwa langu.

Nitarudi kwake. Kwanza niseme juu ya ziwa lenyewe, maana watu wa Goma tunakula samaki wake tangu zamani bila kujua historia yake.

Ziwa Edouard lina kilometa za mraba zaidi kidogo ya 2,200. Sehemu kubwa ni yetu, iliyobaki ni ya Uganda. Upande wa milima ya magharibi maji yana kina cha zaidi ya mita 100, lakini kusini, kwenye Vitshumbi na Nyakakoma, ufuko unateremka polepole na maji ni mafupi. Mito ya Rutshuru, Rwindi na Ishasha inaingia huko kusini, ikileta udongo na majani. Kaskazini, pale Ishango, ziwa linatoka na kuwa mto Semliki. Stanley alifika mwezi wa Juni 1889 akalipa jina la mtoto wa malkia wa Uingereza. Katika miaka ya 1970, Mobutu na jirani yake wa Kampala walipokuwa marafiki, liliitwa Ziwa Idi Amin. Jina hilo liliondoka pamoja na mwenyewe.

Lakini uvuvi haukumngoja Stanley. Mwaka 1950 Mbelgiji mmoja mtaalamu wa miamba, Jean de Heinzelin, alichimba pale Ishango akakuta chusa za mifupa, mifupa ya samaki na ya viboko, pamoja na ule mfupa mdogo wenye alama za mikato ambao wengine wanasema ni hesabu ya kwanza ya binadamu. Mfupa huo uko Brussels mpaka leo. Umri wake unakadiriwa kuwa miaka 20,000 au zaidi. Baadaye watafiti wengine wakachimba Katanda, chini kidogo kwenye Semliki, wakapata chusa ambazo zinakadiriwa kuwa na miaka kama 90,000, pamoja na mifupa ya kambare wakubwa sana. Kwa hiyo mtu kusimama kwenye maji yale na chombo cha kuvulia mkononi, huku kiboko akimtazama kwa macho mawili juu ya maji, ni jambo la zamani kuliko Kongo na kuliko kabila lolote linalogombania ardhi yetu leo.

Mamba ana kisa chake. Mifupa ya kale inaonyesha kwamba walikuwepo ziwani, kisha wakatoweka. Wazungu wa kwanza hawakumkuta hata mmoja, ingawa chini ya Semliki, kuelekea Ziwa Albert, wamejaa. Mwishoni mwa miaka ya 1980 wakaanza kuonekana tena upande wa Ishango, wamepanda mto. Mzee wangu wa Ndosho anasema wao walikua bila kumjua mamba. Walipoanza kusikia habari zake walidhani ni uongo wa watu wa Beni.

Kiboko yeye hakuondoka kamwe.

Tarehe 21 Aprili 1925 utawala wa Kibelgiji ulianzisha Mbuga ya Albert, ambayo tangu 1969 tunaiita Virunga. Mwanzoni ilikuwa kwa ajili ya ngagi, sokwe wa milimani, huku kwenye volkano zetu. Mwaka 1929 mipaka ikapanuliwa sana, tambarare ya Rwindi na maji ya ziwa yakaingia ndani. Katika miaka hiyohiyo ugonjwa wa malale ulikuwa unawamaliza watu wa pwani ya ziwa, na utawala ukawahamisha kwa nguvu. Wazee wa Rutshuru na wa Lubero mpaka leo hawakubaliani kama ni malale iliyowaondoa au ni mbuga. Mimi nadhani vyote viwili vilisaidiana. Ugonjwa ulikuwa wa kweli, na nchi iliyobaki tupu iliwafaa waliotaka mbuga.

Uvuvi uliruhusiwa tena baada ya Vita ya Pili ya Dunia, lakini kwa masharti. Kambi chache tu, zile tunazoziita pesheri: Vitshumbi kusini, Kyavinyonge kaskazini, na Nyakakoma karibu na Ishasha. Idadi ya mitumbwi iliwekewa kikomo, matundu ya nyavu yalipimwa, na vyama vya ushirika vilinunua samaki na kuwauza mbali. Sheria iliyo muhimu kuliko zote kwa habari hii ni ile ya mazalio: ilikatazwa kutega kwenye maji mafupi na midomo ya mito, ambako samaki wanazalia. Sheria hiyo iliandikwa kwa ajili ya samaki, lakini iliwalinda wavuvi pia, maana kwenye maji mafupi na midomo ya mito ndiko anakokaa kiboko.

Hapa inabidi kueleza tabia ya mnyama huyu, maana watu wa Goma wengi wamemwona kwenye picha tu. Kiboko haogelei kama samaki. Anatembea chini, kwenye matope, na anapenda maji ambayo akisimama pua inafika juu. Mchana analala humo kundi zima. Jua likizama anatoka kwa njia zake zilezile, anakwenda kula majani, kama kilo 40 kwa usiku mmoja, kisha alfajiri anarudi. Dume ana kipande chake cha maji na hapendi mgeni. Jike mwenye mtoto hapendi mtu yeyote. Anaweza kukaa chini ya maji dakika tano bila kupumua. Sasa fikiria mvuvi: anatega nyavu jioni, anazitoa alfajiri. Saa zake na saa za kiboko ni zilezile. Chombo cha mbao kinapita juu ya mgongo ambao hakuna aliyeuona, mnyama wa kilo 1,500 au zaidi anashtuka, anasimama. Mara nyingi hana hata nia ya kuuma. Kusimama kwake tu kunatosha kupindua kila kitu.

Nchi kavu ni mbaya vilevile. Ukisimama kati yake na maji, umefunga mlango wa nyumba yake. Mwili ule mnene unakimbia kuliko wewe.

Vitshumbi hakuna ukuta. Kijiji kiko katikati ya mbuga, kwa hiyo tembo anapita nyuma ya nyumba, makorongo marabu wanatembea kati ya wanawake wanaosafisha samaki kama maofisa wa zamani waliokosa mshahara, na usiku viboko wanakula majani kando ya nyumba. Aliyekua huko anajifunza mapema kutotoka gizani kwenda haja bila kuangaza. Wavuvi wana desturi zao: kupiga ubavu wa mtumbwi kwa kasia unapokaribia maji mafupi, ili kiboko ajue unakuja na ainuke mbali nawe, kutopita katikati ya kundi hata kama njia ni fupi, ukiona mmoja anapiga miayo, kugeuza. Ule mwayo si usingizi. Anakuonyesha meno.

Niliposimulia haya kwa mwenzangu wa radio aliyesoma Nairobi, aliniambia Kenya matajiri wanalipa pesa ili wapate hofu kama hiyo. Wanakwenda kwenye mito ya baridi ya milima ya Aberdare kuvua samaki aitwaye trauti, kwa fimbo na uzi, huku mlinzi mwenye bunduki amesimama nyuma yao kwa sababu ya nyati na tembo. Trauti hao waliletwa kama mayai kutoka Uskochi mwaka 1905 na kutiwa kwenye mto Gura. Aliyewaleta ni Ewart Grogan. Jina hilo lilinifanya nikae chini, maana Grogan ni yuleyule aliyepita hapa kwetu kwa miguu mwaka 1899, kando ya Ziwa Kivu, chini ya volkano, akashuka hadi Ziwa Edouard katika safari yake ya kutoka kusini hadi kaskazini mwa Afrika. Aliona viboko wetu. Alipotaka kuvua kwa starehe akachagua mto mwembamba ambao kiboko hawezi kuufikia. Sijui nani angemlaumu.

Mvuvi wa Vitshumbi hana mlinzi nyuma yake. Mwenye bunduki akitokea, kwa kawaida amekuja kumkamata au kumtoza.

Turudi kwenye hesabu. Katikati ya miaka ya 1970 wataalamu walihesabu viboko wa Virunga wakapata karibu 29,000. Inasemekana hakuna mahali pengine duniani palipokuwa na wengi hivyo. Upande wa Uganda walikuwa wengi kiasi kwamba, kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1950, maofisa wa mbuga waliwapiga risasi maelfu kwa mpango, wakisema wanamaliza majani. Mzee wangu alianza kazi katika miaka hiyo ya 1970, kijana, akimsaidia baba yake mdogo. Anasema asubuhi ukiwa mbali ulidhani ni mawe meusi yamepangwa ufukweni kuanzia mdomo wa Rutshuru hadi macho yanapoishia. Na samaki? Akanionyesha kwa mikono. Wavuvi wote duniani wanaonyesha hivyo kwa mikono, nilitabasamu, lakini mama mmoja wa soko la Virunga aliyeuza tilapia za Vitshumbi tangu ujana wake alinionyesha kipimo hichohicho.

Ajali yake ilitokea miaka michache kabla ya 1994. Nchi ilikuwa tayari inaoza, mishahara ya walinzi haifiki, ushirika unakufa, na mitumbwi isiyo na namba inaongezeka kila wiki. Katikati ya ziwa nyavu zilikuwa nyingi kuliko samaki. Yeye na mwenzake wakaamua kuingia kwenye mazalio, karibu na mdomo wa mto, usiku, bila taa ili walinzi wasiwaone. Na bila kupiga ubavu wa mtumbwi, kwa sababu hiyohiyo. Ndiyo maana anasema kosa lilikuwa lake: waliogopa mlinzi, wakaacha ile desturi ambayo ingewaokoa na kiboko. Alfajiri, wakitoa nyavu, mtumbwi ukainuliwa. Yeye alikamatwa paja, akaachwa. Mwenzake hakuachwa. Mwili ulipatikana siku ya pili.

Nilimuuliza kama alimchukia yule mnyama. Akasema alimchukia miaka kumi na tano.

Katika miaka hiyo kumi na tano chuki yake ilipata wasaidizi wengi. Mwaka 1994 wakimbizi wa Rwanda walivuka kwa mamia ya maelfu, na pamoja nao majeshi yaliyoshindwa. Mwaka huo mbuga iliwekwa kwenye orodha ya urithi wa dunia ulio hatarini. Ikafuata vita ya 1996, ya 1998, na makundi ambayo majina yake hata sisi waandishi tunayachanganya. Kila aliyekuwa na bunduki aliona kwenye kiboko tani nzima ya nyama iliyolala mahali pamoja mchana kutwa, na meno yanayouzwa kama pembe za tembo. Kufikia 2005 hesabu ilikuwa chini ya 900. Mwezi wa Oktoba 2006 mashirika ya hifadhi yalitangaza kwamba Mai-Mai wameua zaidi ya 400 katika muda wa wiki mbili.

Mzee aliona sehemu ya mauaji ya miaka ile. Watu wenye bunduki, hakutaka kusema ni wa kundi gani nami sikumlazimisha, walichukua mtumbwi wake ubebe nyama. Alipiga kasia akiwa amekaa kati ya vipande. Anasema siku ile alifurahi, hakuficha. Alifikiri: leo mwenzangu amelipiwa. Alipewa nyama kama mshahara na watoto wakala.

Halafu, kidogo kidogo, akaanza kuona maji yamebadilika.

Wataalamu wanaeleza hivi. Zile kilo 40 za majani ambazo kiboko anakula nchi kavu kila usiku, anakuja kuziacha majini kama mavi. Kwa viboko 29,000 hiyo ni mbolea ya ajabu, inayotoka tambarare na kuingia ziwani kila siku bila mtu kuilipia. Mbolea inalisha mimea midogo isiyoonekana kwa macho, mimea inalisha wadudu wa majini na vifaranga vya samaki, na tilapia wenyewe wanaila. Ondoa viboko, umefunga duka la chakula cha samaki. Wavuvi wa pesheri zote tatu leo wanakuambia hivyo, hata wale ambao hawajawahi kuingia darasani.

Mimi nakubali, lakini si kwa asilimia mia. Nimesikia mikutano ambamo kila mtu anamlilia kiboko ili asizungumzie nyavu zake. Mitumbwi imezidi kile kikomo cha zamani mara nyingi, pesheri zisizo na ruhusa zimejaa upande wa magharibi, na nyavu za matundu madogo zinatoa samaki ambao hawajazaa hata mara moja. Kiboko hakutega nyavu hizo. Ukitaka kujua kwa nini tilapia ya soko la Virunga inalingana na kiganja, inabidi kutaja mambo yote mawili, na la pili ndilo linalotuuma.

Kuna hofu nyingine pia zilizochukua nafasi ya ile ya zamani. Mvuvi akivuka mstari usioonekana katikati ya maji, askari wa majini wa Uganda wanamkamata na kuchukua mashine. Mwaka 2018 majeshi ya nchi mbili yalipigana risasi ziwani humo, watu wakafa. Huku kwetu makundi yanatoza kodi ya kutoka na kodi ya kurudi. Mzee ananiambia kiboko alikuwa na saa zake na mahali pake, ukivijua unapona.

Baada ya 2006, kwa kazi ya walinzi wa ICCN ambao wengi walilipa kwa maisha yao, viboko walianza kuongezeka polepole. Kufikia mwanzo wa 2025 walikadiriwa kuwa kama 1,200. Ndipo mwezi wa Aprili mwaka huo mizoga ikaanza kuelea kwenye mto Ishasha na kusini mwa ziwa, miguu juu, pamoja na nyati. Vipimo vilionyesha ni kimeta. Zaidi ya 50 walikufa. Ni ugonjwa ambao Uganda inaujua, uliua mamia ya viboko kwenye Mbuga ya Queen Elizabeth mwaka 2004. Vijidudu vyake vinaweza kulala kwenye udongo miaka mingi. Walinzi walitafuta namna ya kuitoa mizoga majini na kuizika kwa magadi makali, katika eneo ambalo sehemu kubwa liko mikononi mwa wenye silaha na ambako mashine za kuchimba hazipatikani. Wakaaji waliambiwa wasiguse mnyama aliyekufa na wachemshe maji.

Nilikwenda Ndosho na simu yangu kumwonyesha picha. Macho hayaoni vizuri sasa, alishika simu karibu sana na uso. Alitazama mizoga ile kwa muda, akaniuliza ni mdomo gani wa mto, nikamwambia Ishasha. Akauliza kama wa Rutshuru nao wamefikiwa. Nikasema kwamba habari nilizonazo zinataja Ishasha na kusini mwa ziwa. Akanirudishia simu, akavuta suruali juu ya goti akajikuna kovu, kisha akamwita mjukuu wake aende kumwambia mama yake, anayeuza samaki pale njiani, kwamba leo awaulize vizuri wenye gari wale samaki wanatoka upande gani.